Kupata umri wa mashapo ya bahari kwa visukuku vidogo: hatua kwa hatua, kwa mfano wa udongo wa Kilwa na Lindi

Chukua bonge la udongo wa kijivu ardhini kati ya Kilwa na Lindi, kisha uulize lina umri gani. Rangi haikwambii kitu, ugumu nao haukwambii. Udongo wa miaka milioni 50 na wa miaka milioni 35 huko kusini hufanana kama pacha, na ukiwa na macho matupu utavichanganya tu. Kinachovitenganisha ni viumbe vya baharini vilivyozikwa ndani yake, vingi vikiwa vidogo kuliko chembe ya chumvi.

Nimechagua mfano wa huko kwa sababu mashapo ya Kundi la Kilwa yana sifa inayojulikana duniani kote. Yamegawanywa katika formesheni nne, yaani mafungu ya tabaka za mwamba, kutoka ya zamani hadi ya karibuni: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Zinaanzia mwishoni mwa Kretasia, kipindi kilichoisha miaka milioni 66 iliyopita, na kuishia mwanzoni mwa Oligosini, iliyoanza miaka milioni 33.9 iliyopita mara tu baada ya Eosini. Udongo huo haukuzikwa kwa kina kirefu sana, na ni wa mfinyanzi usiopitisha maji kirahisi. Matokeo yake magamba ya foraminifera, viumbe wa baharini wa seli moja wanaojijengea gamba la chokaa, humo bado yanang'aa kama kioo, wakati kwenye visima vingi vya katikati ya bahari yamefifia na kuwa meupe kama chaki. Ndiyo maana miaka ya 2000 mradi wa kisayansi unaojulikana kwa herufi TDP (Tanzania Drilling Project) ulichoronga visima vifupi kadhaa maeneo hayo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa jiolojia au fundi wa maabara anayekabidhiwa sampuli kwa mara ya kwanza. Kabla ya yote shika hili: kisukuku kimoja hakikupi tarehe. Tarehe inatokana na mpangilio, nani aliibuka, nani akatoweka, na nani alitangulia kuondoka.

Hatua ya 1: Vibali na kusoma ramani

Hii ni fupi. Utahitaji kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, na ukifika kijijini unaanzia kwa mtendaji, hata kama barua ya wilaya unayo mkononi. Soma ramani ya jiolojia ya eneo lako mapema ili ujue unatarajia nini. Anayeingia maabara hajui kama anatafuta Kretasia au Miosini atapoteza wiki nzima kwenye kitabu kisichomhusu.

Panga safari wakati wa kiangazi. Mvua za kusini zikishaanza, udongo uleule unaokwenda kuuchunguza ndio utakaolinasa gari lako.

Hatua ya 2: Chukua sampuli ambayo hali ya hewa haijaiharibu

Udongo wa juu kabisa, wenye rangi ya njano au kahawia, uache. Maji ya mvua yameshaupitia miaka na miaka, na magamba ya chokaa yameyeyuka. Chimba mpaka ufikie udongo mbichi, wa kijivu kinachoelekea kijani. Ndiyo maana uchorongaji una faida: unakupa kore, yaani mche mzima wa mwamba kama ulivyo ardhini, juu juu na chini chini.

Weka alama ya juu na chini kwenye kila kipande papo hapo, kabla hujafanya jambo lingine lolote. Kore iliyopinduliwa ndani ya sanduku inakupa historia iliyoanzia mwisho. Kwangua uso wa nje wa kore kwa kisu safi, maana umepakwa tope la uchorongaji, kisha chukua kutoka katikati. Kiasi kinacholingana na kiberiti kikubwa kinatosha. Kata vipande viwili: kimoja cha kutumia, kingine cha akiba.

Nafasi kati ya sampuli na sampuli iamuliwe na swali lako. Kama mashapo yalijikusanya kwa mita 40 kila miaka milioni moja, sampuli kila nusu mita ina maana ya hatua za miaka 12,500. Kwa kuanzia, chukua kila mita 5, upate picha ya jumla. Ukishajua tukio muhimu limo kati ya mita 60 na 65, rudi ukachukue kwa karibu hapo tu.

Hatua ya 3: Tui kabla ya chicha

Wengi hukosea hapa, na ukifikiria jikoni utaelewa haraka. Unapochuja nazi, chicha inabaki kwenye kifumbu na tui linashuka. Katika kuosha udongo kwa ajili ya foraminifera, sisi tunabakiza chicha na kumwaga tui. Lakini ndani ya lile tui kuna visukuku vingine, nanofosili, ambavyo ni vibamba vya chokaa vya mwani vyenye upana wa takriban mikroni 2 hadi 20 (mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Chujio la mikroni 63 haliwezi kuvizuia. Ukiosha kwanza, umeshavimwaga kwenye sinki.

Kwa hiyo anza na slaidi ya nanofosili. Chukua udongo mbichi kiasi cha kichwa cha njiti ya kiberiti, uweke kwenye kioo, tia tone la maji, kisha uupake kwa kijiti cha meno mpaka uwe utando mwembamba. Kausha taratibu, bandika kioo chembamba cha kufunikia kwa gundi ya maabara, basi. Kazi yote ni dakika chache. Kijiti kitupe, usikitumie kwa sampuli inayofuata. Chembe ndogo namna hii husafiri na chochote.

Slaidi hiyo utaitazama kwa kikuzo cha mara 1000. Washa mwanga uliopolaraizwa na utaona vibamba vingi vya jenasi ya Reticulofenestra vikiwaka vyeupe na msalaba mweusi katikati. Kuna mtego mmoja. Jenasi ya Discoaster, zenye umbo la nyota, huwa karibu hazionekani kwenye mwanga huo, kwa jinsi fuwele zake zilivyoelekea. Mtu anayetazama kwa mwanga uliopolaraizwa pekee ataandika "hakuna Discoaster" wakati slaidi imejaa nyota. Badilisha mwanga uwe wa kawaida, na tazama tena eneo lilelile.

Hatua ya 4: Kuosha

Sasa tuingie kwenye chicha. Kausha udongo kwenye oveni isiyozidi nyuzi 50, kisha uloweke kwenye maji kama unavyoloweka kunde, usiku mzima. Udongo uliokauka vizuri hujimumunyua wenyewe unapokutana na maji. Ule mkaidi unaweza kuuongezea haidrojeni peroksaidi iliyozimuliwa, kwa muda mfupi, lakini udongo wa aina ya Kilwa mara nyingi hauhitaji. Siki au asidi yoyote usiguse, maana unachotafuta ni chokaa. Hata maji yaliyotoneshwa yana uasidi kidogo, usiache magamba humo siku nzima. Maji ya bomba ni salama zaidi.

Mimina kwenye chujio la mikroni 63 na uoshe kwa maji yanayotiririka polepole mpaka yanayotoka chini yawe safi, bila tope. Usisugue kwa vidole. Magamba yenye miiba yatavunjika, na miiba hiyo utaihitaji baadaye, utaona.

Chujio lenyewe ndilo adui yako mkubwa. Nilipokuwa mwanafunzi, katika maabara moja ambayo siitaji, nilikuta kwenye sampuli niliyoamini ni ya Eosini gamba safi kabisa la Globorotalia truncatulinoides. Spishi hii iliibuka miaka milioni 2 hivi iliyopita, na hadi leo inaishi baharini. Kwa nusu saa nilidhani nimegundua jambo. Kumbe aliyetangulia kutumia chujio alikuwa anaosha mashapo ya juzijuzi, na gamba moja lilinasa kwenye wavu likanisubiri mimi. Tangu hapo, baada ya kusafisha chujio na kabla ya sampuli mpya, nalizamisha kwenye rangi ya bluu ya methilini. Chochote kilichobaki ndani kinageuka bluu. Ukikuta gamba la bluu kwenye trei yako, unajua ni mgeni, unalitoa.

Mabaki yaliyobaki juu ya chujio yahamishie kwenye karatasi, kausha tena, kisha yatenganishe kwa ukubwa: zaidi ya mikroni 150 kwa spishi kubwa, na kati ya 63 na 150 kwa ndogo. Usitupe zile ndogo kwa uvivu. Pseudohastigerina, kwa mfano, hupungua ukubwa kuelekea Oligosini, na anayetazama mabaki makubwa tu ataandika kwamba imetoweka.

Hatua ya 5: Kuokota na kutambua

Nyunyiza mabaki kwenye trei nyeusi yenye mistari ya miraba, weka chini ya hadubini, lowesha ncha ya brashi nyembamba sana na uanze kuokota. Wapo wanaolowesha kwa mate, nami sitamsema mtu. Kila spishi iwekwe kwenye mraba wake wa slaidi ya kadibodi. Ukihitaji uwiano, hesabu gamba kama 300 bila kuchagua. Lakini kwa ajili ya tarehe lazima upekue trei yote, kwa sababu spishi unayoitafuta huenda ipo mara mbili tu.

Katika udongo wa mwisho wa Eosini, mtu wa kukutana naye ni Hantkenina. Humchanganyi na mwingine: vyumba vyake vimejipanga katika mduara mmoja bapa, na kila chumba cha mtu mzima kina mwiba mrefu ulio wazi ndani kama mrija. Kwenye sampuli nzuri za kusini gamba linaonekana kama limepulizwa kwa kioo, na mwanga unapita mpaka ukaona kuta za vyumba vya ndani. Mara nyingi zaidi utakuta mwiba peke yake. Andika kwamba upo. Mwiba mmoja uliovunjika ni ushahidi kamili kuwa mwenyewe alikuwepo.

Hatua ya 6: Tafuta mahali kila mmoja alipoondoka

Panga sampuli zako kutoka chini kwenda juu na uandike kila spishi inaonekana wapi. Kwa mpaka wa Eosini na Oligosini, ratiba ya kutoweka inayotumika ni karibu hivi, kwa miaka milioni iliyopita (Discoaster, Ericsonia na Reticulofenestra ni nanofosili, wengine ni foraminifera):

– kundi la Morozovelloides, lenye magamba yaliyojaa vichomozi: 38
– Globigerinatheka semiinvoluta: 36.2
– Discoaster barbadiensis: 34.8
– Globigerinatheka index: 34.6
– Discoaster saipanensis: 34.4
– Turborotalia cerroazulensis: 34.0
– Hantkenina: 33.9
– Ericsonia formosa: 32.9
– Reticulofenestra umbilicus: 32.0

Kuondoka kwa Hantkenina ndiko kunakoutambulisha mpaka wenyewe. Mahali rasmi pa kupimia duniani ni Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, palipokubaliwa mwaka 1992. Visukuku peke yake havina namba. Namba zimetokana na tabaka za majivu ya volkano yenye madini ya mionzi, pamoja na kumbukumbu ya usumaku wa dunia uliokuwa ukigeukageuka, na mizunguko ya njia ya dunia inayoacha mistari kwenye mashapo. Sisi tunaazima namba hizo. Kwa hiyo ukisoma ripoti ya zamani yenye tarehe tofauti kwa spishi ileile, usidhani mwandishi alikosea. Huenda kipimo cha muda kimesahihishwa baadaye, na ndiyo sababu lazima uandike umetumia kipimo cha mwaka gani.

Ratiba hii ina faida ya kujikagua yenyewe. Katika visima vya TDP 12 na TDP 17, Turborotalia cerroazulensis inaondoka kwanza na Hantkenina inafuata muda mfupi baadaye. Kama kwenye kisima chako mpangilio umegeuka, usiharakishe kutangaza ugunduzi. Soma hatua inayofuata.

Kutoweka kwa spishi hakuandikwi kwa namba moja. Kama Hantkenina wa mwisho yupo mita 61.2 na sampuli ya juu yake, mita 60.4, haina, basi tukio limo katikati: mita 60.8, jumlisha au toa 0.4. Andika hivyohivyo.

Hatua ya 7: Wanaodanganya

Wapo wa aina mbili, na kila mmoja anadanganya kwa mwelekeo wake.

Wa kwanza ni walioanguka kutoka juu. Katika visima vya mafuta na gesi, kama vile vya Songo Songo au Mnazi Bay, sehemu kubwa ya kisima haitoi kore bali chenga zinazopandishwa na tope la uchorongaji. Kuta za kisima humomonyoka, na udongo wa juu unachanganyika na wa chini. Visukuku vya karibuni vinaonekana ndani kabisa mahali visipostahili, kwa hiyo mwanzo wa spishi hauaminiki. Kinachoaminika ni mahali ambapo, ukiwa unashuka, unamkuta mtu kwa mara ya kwanza, yaani kutoweka kwake. Wataalamu wa visima hivyo huhesabu kutoka juu kwenda chini kwa sababu hiyo.

Wa pili ni waliokokotwa. Mmomonyoko wa zamani ulichukua visukuku kutoka miamba iliyokwisha kuwa mizee na kuvilaza kwenye tope jipya. Hao wanafanya kutoweka kuonekane kumechelewa. Baadhi wanajifichua wenyewe: ukikuta Globotruncana, aliyetoweka mwishoni mwa Kretasia miaka milioni 66 iliyopita, ameketi katikati ya kundi la Eosini, hakuna mjadala. Kazi ipo pale mgeni anapokuwa na umri unaokaribiana na wenyeji. Hapo tazama hali ya gamba. Limesuguliwa? Lina rangi tofauti, au limejazwa madini wakati wenzake wana uwazi ndani? Tazama pia idadi. Spishi iliyokuwa hai inaonekana sampuli baada ya sampuli halafu inakatika. Iliyokokotwa hutokea moja hapa, hakuna pale, mbili mbele.

Nikiwa na shaka, nauliza upande wa pili. Foraminifera wakisema hivi na nanofosili wakasema hivyohivyo, nalala. Wakipishana, narudi kwenye ule mfuko wa akiba.

Hatua ya 8: Chora mstari

Chukua karatasi ya miraba. Umri uwe upande mmoja, kina upande mwingine. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, umepata Discoaster saipanensis ikiondoka mita 80, Hantkenina mita 60, Ericsonia formosa mita 20, na Reticulofenestra umbilicus mita 19.

Kati ya mita 80 na 60 zimepita miaka milioni 0.5, yaani mita 20 za udongo. Hiyo ni mita 40 kwa miaka milioni, au sentimita 4 kila miaka elfu. Kati ya 60 na 20 kuna mita 40 kwa miaka milioni 1.0. Kasi ileile. Safi. Lakini kati ya mita 20 na 19, mita moja tu imebeba miaka milioni 0.9. Hapo kuna kitu. Ama mashapo yalikaribia kukoma kujikusanya, ama yalijikusanya kisha mkondo wa bahari au mporomoko wa chini ya maji ukayafagia. Fungua sanduku la kore mita hiyo uangalie kwa jicho: kuna mstari mkali? Kokoto? Rangi inabadilika ghafla?

Mstari ulionyooka mno nao hunitia wasiwasi, hasa ukiwa na pointi mbili pekee. Pointi mbili hunyooka siku zote.

Hatua ya 9: Ulikuwa mji gani humo ndani?

Ukishapata umri, visukuku vilevile vinakueleza mazingira. Linganisha idadi ya foraminifera wanaoelea na wale wa sakafuni. Wanaoelea wakiwa wachache, ulikuwa karibu na ufukwe. Wakiwa karibu wote, ulikuwa mbali na kwenye kina. Udongo wa Kilwa una waeleaji wengi, ishara ya bahari yenye kina cha mamia ya mita, ingawa leo watu wanalima korosho juu yake. Kisha unaweza kukuta tabaka jembamba la chokaa lenye Nummulites na Discocyclina, foraminifera wakubwa wanaoonekana bila hadubini, wa maji ya kina kifupi yenye mwanga. Hao hawakuishi pale. Waliporomoka kutoka ukingo wa bahari kama mchanga unavyoteremka kwenye shimo, kwa hiyo wanakupa taarifa za ufukweni ndani ya saa ya bahari kuu. Kwa mchanganyiko huo imeonekana Tanzania kwamba kutoweka kwa baadhi ya foraminifera wakubwa kulitukia karibu na mpaka uleule wa Eosini na Oligosini.

Na pale pale, magamba yaliyobaki kama kioo yalipimwa isotopu za oksijeni, ambazo uwiano wake hubadilika kwa joto la maji na wingi wa barafu. Ikaonekana kwamba dunia ilipoa kwa hatua mbili wakati barafu ya Antaktika ikikua, na Hantkenina aliondoka katikati ya hatua hizo mbili. Ukitaka kufanya kipimo hicho, tenga magamba yaliyo wazi ndani, ya spishi moja, ya ukubwa mmoja, na usiyaguse kwa gundi.

Mwisho, rudisha kila kitu mahali pake. Slaidi ziandikwe kwa penseli, kwa kuwa wino wa kalamu hufifia. Mabaki yawekwe kwenye vichupa vyenye namba ya kisima na kina chake. Ule mfuko wa akiba wa mita 19 hadi 20 uuweke mbele kabisa ya kabati. Hata kabla ya ripoti kuisha utauhitaji.